Enduru ya Siku ya Kwanza

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akategemea ushujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa kusimama mbele ya walimu ingawa nina ndevu na shamba la kahawa. Lakini hofu zote hizo nikizijumlisha hazifikii ile niliyokuwa nayo asubuhi moja ya Januari, nilipompeleka binti yangu kuanza darasa la kwanza.

Binti yangu ana kifafa. Kilianza alipokuwa akiishi na mama yake Bukoba mjini, kule Buhembe, ambako mke wangu amepanga chumba na kushona nguo. Siku moja mtoto alianguka uani mbele ya wapangaji wote, akakakamaa, akatetemeka, akatokwa na povu. Tangu hapo hakuna mtoto wa uani pale aliyeruhusiwa kucheza naye. Watu wengi kwetu wanaamini kwamba ukiligusa lile povu, nawe utaanguka. Hospitali walitwambia si kweli, wakatupa vidonge vya asubuhi na jioni, lakini daktari haishi kwenye ule ua. Kuna mama mmoja alikichukua kigoda alichokuwa amekalia mwanangu, akakisugua kwa sabuni ya unga, na mwanangu amesimama anamtazama. Mke wangu aliponisimulia kwa simu nilitaka nipande gari niende nikamtukane yule mama mpaka nipoteze sauti. Sikwenda. Tukaamua mtoto aje kwangu huku Muleba, kwa bibi yake, kwenye kilima ambacho hakuna aliyejua, aanze shule kama watoto wengine.

Vidonge vilimkubali. Tangu msimu wa senene hakuwa ameanguka hata mara moja. Mama yangu akasema basi, yamekwisha, na neno hilo lisitamkwe nje ya kibanja. Kibanja chetu ni migomba iliyoizunguka nyumba hadi mpita njia haoni hata bati, kwa hiyo mtu akitaka kuficha jambo lake mahali anapo. Mke wangu akasema hapana, mwalimu lazima aambiwe. Mimi nikawa katikati, kila mmoja nikimkubalia kwa zamu yake.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba usiku wa kuamkia shule mtoto hakulala. Alikuwa akiamka kuishika sketi yake mpya ya bluu, kuona kama bado ipo. Daktari alikuwa ametuonya hasa kwamba akikosa usingizi anaweza kuanguka. Asubuhi nilimtazama akimeza kidonge kwa uji, macho mekundu, anacheka peke yake, nikafikiria kusema leo usiende, twende kesho. Lakini ungemwambiaje mtoto aliyekwisha kuvaa soksi? Tukatoka, yeye mbele na fagio alilofungiwa na bibi yake, mimi nyuma na dumu la maji, roho juu.

Shule ni ileile niliyosoma mimi. Wameongeza madarasa, wamepaka rangi, lakini nilipoukanyaga ule uwanja nilihisi viganja vikiwaka kwa fimbo za zamani. Kama kawaida ya kufungua shule, nyasi zilikuwa zimepanda hadi kwenye magoti, na watoto wakubwa walikuja na mafyekeo. Wazazi tulijipanga ukutani tukisalimiana. Kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu nzuri kabla hajamaliza kuuliza.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa msichana mgeni, amepangiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Nilimvuta pembeni ya tangi la maji nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilinibidi nirudie. Aliposikia lile neno alirudi nyuma nusu hatua. Sidhani kama alijua amefanya hivyo.

"Akianguka nimfanyeje?"

"Mlaze ubavu. Mwekee sweta chini ya kichwa. Usimtie kitu mdomoni. Msubiri, ataamka mwenyewe."

"Nimshike hivihivi? Mikono mitupu?"

"Mikono mitupu, mwalimu."

Akaitazama mikono yake. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, kwa sababu niliiona hofu yake na naijua hofu vizuri, tumekua pamoja. "Nitajitahidi, mzazi," akasema. Nikamshukuru mara nyingi kuliko ilivyopasa.

Aliwakalisha wawili wawili kwenye madawati. Mwanangu aliwekwa na katoto kembamba kasiko na meno ya mbele, binti wa jirani zetu wa ng'ambo ya bonde. Wakaanza kupimana mafagio, wakisubiri kutolewa uwanjani kufagia nyasi. Mwalimu mkuu akatoka kutufukuza kwa adabu: "Wazazi, nendeni. Mkikaa hapa hawatazoea."

Nilikwenda, lakini kwenda kwangu kulikuwa kwa kusimamasimama. Nilifika dukani kwenye njia panda, nikasimama mbele ya dirisha kama mteja, mwenye duka akaniuliza mara mbili ninataka nini. Nilikuwa nafikiria nimtajie kiberiti. Hapo ndipo niliposikia enduru.

Enduru ni ukelele wetu wa hatari. Unapaza sauti nyembamba, ndefu, huku ukiipigapiga midomo kwa kiganja. Inapigwa kwa mwizi, kwa moto, kwa nyoka, kwa mtu aliye chini. Anayeisikia lazima aijibu kwa kuipiga naye, kisha akimbilie kule ilikotoka na chochote kilicho mkononi. Atakayebaki nyumbani atakuwa na maelezo ya kutoa. Watoto wetu hufundishwa hilo kabla hawajajua kuhesabu, na wakiichezea wanachapwa.

Ilikuwa sauti ya mtoto, na ilitoka shuleni. Kabla haijakatika, mwanamke aliijibu kutoka kwenye migomba, kisha mwingine bondeni, kisha kilima kizima kikaitika. Nilijua ni nini.

Nilikimbia. Mwenye duka aliruka dirisha na panga lake akawa kando yangu. Kila kichochoro cha kibanja kilimwaga watu njiani: wanaume na mapanga, akina mama na majembe yenye udongo mbichi, mzee mmoja na mkuki ambao sikujua kama bado upo. "Ni nini?" mwenye duka ananiuliza akihema. "Mwizi?" Nikasema sijui. "Wateka watoto!" akapiga kelele mtu nyuma yetu, na neno hilo likapita mbele kwa kasi kuliko miguu yetu, nikaona mapanga yakipanda juu. Ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia. Nilikuwa nakimbia na majirani zangu wote wenye silaha kumwelekea mwanangu wa miaka sita, na jambo ambalo nilitaka lisijulikane ndilo waliloitiwa.

Watoto wakubwa walikuwa wamekimbia hadi barabarani, mafyekeo yametupwa ovyo. Uwanjani palikuwa na duara tupu la nyasi zilizokatwa. Katikati yake binti yangu alikuwa chini, anatetemeka, povu mdomoni, sketi mpya imelowa. Mwalimu wake alisimama hatua chache kutoka kwake, mikono ameibana kifuani, analia. Na juu ya mwanangu alisimama kale katoto kasiko na meno. Kalikuwa kamefumba macho kwa nguvu, machozi yanatiririka, na bado kanapiga enduru. Kalikuwa kamemwona mtu chini na kufanya kilekile kalichofundishwa nyumbani.

Nilipiga magoti nikamlaza ubavu. Nilikuwa nahangaika kuvua shati langu wakati sweta lilipokuja mbele ya uso wangu. Ni mwalimu. Alipiga magoti upande wa pili akakiinua kichwa cha mwanangu, kwa mikono mitupu, akaliweka.

Watu walisimama pembeni ya lile duara. Hakuna aliyelivuka. Mama wa kale katoto alitokeza, akamnyakua mwanawe, akachuma majani akaanza kumfuta mikono, kwa nguvu, kama anayetoa lami. Sikumchukia. Au nilimchukia, lakini si kwa muda mrefu.

Sasa, enduru ikipigwa lazima ielezwe. Watu hawatawanyiki mpaka mwenye jambo aseme, na aliyepiga bure hutozwa kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Yule mzee wa mkuki akauliza: "Nani kapiga, na kuna nini?" Kilima kizima kikanigeukia. Magoti yangu yalikuwa kwenye matope. Sijawahi kuogopa hivyo, na nimekwisha kusema kwamba mimi naogopa mengi.

"Ni mwanangu," nikasema. "Ana kifafa. Anakunywa dawa. Ataamka sasa hivi." Nikataka kunyamaza, lakini mdomo ukishafunguka ni shida. "Haambukizi. Nimekula naye sahani moja, nimemfuta povu kwa mkono huu, na mimi huyu hapa."

Kisha watu walisogea kumpisha mama yangu, amefika wa mwisho kwa sababu ya miguu yake, fimbo mkononi, anahema. Alimwona mjukuu wake, akawaona wanaotazama. Nilitegemea anikemee kwa macho. Akaketi chini kwenye nyasi, akakichukua kichwa cha mtoto kutoka kwenye sweta akakipakata, akalifuta lile povu kwa khanga yake mbele ya wote.

"Mnisamehe, waitu, ndugu zangu," akawaambia. "Nimechelewa."

Hivyo ndivyo anavyosema mtu aliyechelewa kuitikia enduru.

"Basi lubisi nani anatoa?" akauliza mtu, nusu utani.

"Lubisi ya nini?" Mwenye duka alikuwa analifuta panga lake kwenye nyasi ingawa halikuwa na kitu. "Mtu alikuwa chini. Tumeitwa, tumekuja." Akageuka kwenda kufungua duka lake. Wengine wakamfuata, baadhi wakiaga, baadhi bila kutuangalia. Mama wa kale katoto alipita mbali nasi akimkokota mwanawe.

Mtoto alilala mchana kutwa. Jioni aliamka na njaa, akawa anakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akaniuliza kilichotokea. Yeye akianguka hajui kitu. Kwake ni kama ukurasa umechanwa. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya, lakini siku ilikuwa imenichosha mno.

"Ulianguka. Mwenzako wa dawati akapiga enduru. Watu wakaja."

"Wangapi?"

"Wote."

Akaacha kutafuna. "Hata mwenye duka?"

"Hata mwenye duka. Na panga."

"Walikuja kwa ajili yangu?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Mimi siku nzima nilikuwa naiona aibu ya kutazamwa na kilima kizima, na yeye anasikia kwamba kilima kizima kiliacha majembe kikamkimbilia.

"Kwa ajili yako," nikasema.

"Na yeye aliyepiga, hakuogopa?"

"Aliogopa sana, bojo, mwanangu. Alifumba macho."

Akafikiri. Kisha akataka nimfundishe, ili mwenzake akianguka naye ampigie. Nikamwambia enduru haifanyiwi mazoezi, watu watakuja. "Basi bila sauti," akasema. Tukakaa jikoni, mimi na yeye, midomo wazi, tunaipigapiga kwa viganja kimya kimya, na bibi yake anatutazama kama watu waliopagawa.

Asubuhi nilimpeleka tena. Hofu ilikuwa ileile, pengine imeongezeka, maana sasa kila dirisha lilijua. Alikuwa amelala vizuri, hilo tu lilinisaidia. Nilisimama nje ya dirisha la darasa nikaona dawati lake lina nafasi tupu. Kale katoto kalikuwa kamehamishiwa nyuma kabisa, kona ya ukutani, kameambiwa na mama yake kasisogee. Kalikuwa kameinamia dawati.

Mwanangu alikaa peke yake. Akaweka fagio lake chini, akageuka nyuma, akafungua mdomo, akaupigapiga kwa kiganja bila sauti.

Kule nyuma kale katoto kaliinua kichwa. Kalitazama mlangoni, kakamtazama mwalimu, bado kanaogopa. Kisha kakapeleka kiganja mdomoni, kakaitikia.