Siku ya Kulala Nilibeba Gogo, Sasa Naogopa Kwenda Chooni

Mhariri, jina langu lifiche, maana nikitajwa Temeke nzima itakuja kunitazama. Mie ni kijana wa miaka kumi na tisa, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu madawati hayakunienea mabega. Msicheke. Nyie wasomaji wote mshike upande mmoja wa kamba, mie peke yangu nishike wa pili, nitawavuta mpaka Pugu na viatu vyenu miguuni.

Nakaa kwa mjomba, mchonga vinyago aliyetoka Newala. Uani kumejaa magogo ya mpingo, na mpingo, kwa asiyeujua, ni chuma kilichoota majani. Ndiyo niliyokuwa nabeba kujiandaa na mgambo wa mtaa wetu. Anayetufunza ni askari mstaafu, tunamwita Afande, naye ana sheria yake: leo mzigo, kesho mchakamchaka wa polepole, keshokutwa kulala. "Kulala nako ni zoezi," anasema. "Mwili unajijenga ukiwa kitandani." Nikamjibu mbele ya wenzangu, "Shikamoo Afande, lakini hilo zoezi ni la bibi yangu." Wakaangua kicheko. Basi siku ya mzigo nabeba, siku ya mbio nabeba, siku ya kulala nabeba.

Juzijuzi, siku ya kulala, nilitoka kukimbia tangu alfajiri, mapaja yanawaka moto. Jirani yetu Saidi akanikuta nimekaa kizingitini. "Leo mpole, bwana! Gogo limekupa talaka?"

Talaka! Mie? Nikatwaa kubwa kuliko yote, nikaliweka mabegani, nikawa nachuchumaa na kuinuka, jua la mchana, tumbo tupu, hata tone la maji sijanywa. Watoto walihesabu mpaka hesabu ikawaishia. Mke wa mjomba akapiga kelele toka jikoni, "We mwana, weka chini hilo, utapasuka!" Sikuweka. Saidi ndiye aliyechoka, tena kwa kutazama tu.

Kulipokucha mapaja yamevimba kama viroba, kuchuchumaa siwezi. Nikaenda chooni nimeshika ukuta. Ndugu zangu, mkojo ulitoka mweusi kama kahawa ya vikombe. Nikamwita mama yangu, naye yuko Newala.

Nikajikokota zahanati. Nikamnong'oneza bwana mganga habari ya mkojo, akaniuliza kwa sauti, "Umefanya kazi nzito, kijana?" Nyuma yangu foleni nzima ya mtaani, na dada yake Saidi yumo, ameinamisha sikio. Niseme gogo limenishinda? Nikamwambia, "Kazi gani inichoshe mie?"

"Basi unatembea na wanawake?"

Nikapandisha kola. "Unauliza wa Temeke tu, bwana mganga, au na wa Kinondoni?"

Foleni ikavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Akanichoma sindano ya kisonono, akanipa na vidonge, akasema vikiisha nirudi na hao wenzangu, nao watibiwe.

Vidonge vinakaribia kwisha. Mkojo bado mweusi, na sasa unatoka kidogokidogo, kama bomba la mtaa wetu. Nikiamka macho yamevimba. Naogopa mpaka nimeacha kunywa maji, ili nisiende chooni nikauona. Mjomba hasemi nami. Mkewe amenitengea kikombe changu peke yangu. Vijana wenzangu ndio wananipigia saluti, "Bingwa wa Kinondoni!" nami natabasamu huku meno yanagongana. Afande naye alipita jana, akanitazama uso kwa muda mrefu. "Siku ya kulala ulilala?" Nikasema, "Nililala, Afande." Akaenda zake.

Nikirudi zahanati na uongo wangu, nitachomwa sindano nyingine isiyo yangu. Nikisema kweli, foleni ileile itasikia, na mtaani sitapita tena. Nikikaa kimya naona kabisa nakufa, na mgambo wenzangu watanibeba kwenye jeneza wakiimba.

Nishaurini, wasomaji, nifanye nini? Ila msiniambie nipeleke mwanamke kwa bwana mganga. Sina wa kumpeleka. Toka nizaliwe sijamshika msichana hata mkono.