Vitwitwi Walipoyaacha Mayai

Ndege sikuwasomea popote. Niliwajua kwa kuwakodolea macho tu, hapa Korogwe, kwenye Mto Pangani. Kiangazi maji yakipungua, katikati ya mto kunatokea kisiwa cha mchanga, na vitwitwi, ndege wadogo wa kandokando ya maji, wanakuja kutaga hapo. Hawajengi kiota. Wanaparua mchanga kidogo, wanaweka mayai mawili matatu yenye madoa kama changarawe, usipoangalia unayakanyaga.

Sisi wachimba mchanga tuna utaratibu wetu. Asubuhi hakuna kuvuka mpaka vitwitwi watue. Wakitua, mto umelala. Wasipotua, rudi nyumbani.

Siku moja mwaka jana walitua, tukavuka, mimi na rafiki yangu ambaye nachimba naye tangu tuache shule. Kidogo akaja mfugaji kunywesha ng'ombe, nao wakavuka maji wakaelekea kwenye mayai. Mimi nikiwaka nimewaka. Nikamtukana, nikarusha mabonge ya mchanga, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ng'ombe wakageuka. Vitwitwi nao wakaruka wote.

Rafiki yangu alicheka, akasema mdomo wangu unazidi spika za mnadani. Tukaendelea kuchimba. Lakini saa nzima ikapita hawajarudi, na hilo lilinikaa vibaya. Kitwitwi mwenye mayai haendi mbali. Ng'ombe akipita, anakimbia hatua chache, anaburuza bawa kama limevunjika ili umfuate yeye, halafu anarudi. Siku hiyo mayai yalibaki peke yake juani.

Nikamwambia tutoke.

"Umewatimua mwenyewe na makelele yako," akasema. "Sasa unataka mimi nilale njaa?"

Kelele kweli nilipiga. Na juu yetu hakukuwa na wingu hata moja. Ila milima ya Usambara ilikuwa imepotea yote kwenye weusi wa mvua.

Nikaenda kuangalia mayai. Kishimo kilikuwa na maji. Hayakuingia kutoka mtoni, yalikuwa yanapanda kutoka chini ya mchanga, taratibu, na mayai yameanza kucheza.

Nikarudi mbio, nikamnyang'anya chepe lake, nikalitupa mtoni. Alinifukuza mpaka ng'ambo, akanikamata kwenye majani, akanikunja shati, akanipiga ngumi mbili. Ya tatu haikuja. Nyuma yake mto ulikuwa umebadilika sauti. Maji ya udongo, mapovu na magogo, yakapita juu ya kisiwa chote, na mwaka ule hatukukiona tena.

Shati langu hakuliachia.

"Ungenyamaza asubuhi," akasema polepole, "tungejua mapema kwamba wanakimbia maji, si wewe."

Hapo sikubisha.

Mwaka huu kisiwa kimetokea tena, kirefu kuliko mwanzo, na hakuna kitwitwi hata mmoja. Watu wanavuka hivyohivyo, wanasema mchanga haungoji ndege. Leo asubuhi rafiki yangu naye kavua viatu, kakunja suruali. Nimemwambia yote niliyonayo mdomoni, hakusikia. Nikavuka nyuma yake.