Mahali Pasipouma

Ghorofa ya nne, mlango wa bluu, walimwambia. Alipofika juu akihema, milango yote ilikuwa ya bluu. Muuguzi huyu, ambaye watoto humwita Mama Sindano, alikuwa amefundisha kujichoma dawa katika miji mitatu na kwa lugha nne, lakini nyumba ngeni bado zilimtia baridi.

Bibi mmoja akafungua mlango wa mwisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mjukuu wangu ananifukuza kazi."

Mjukuu, binti wa miaka kumi mwenye kisukari, alikwisha kuvaa sare. Asubuhi hujichoma mwenyewe. Adhuhuri bibi huenda shuleni kumchoma. Magoti ya bibi yamechoka, binti naye amechoka kuchekwa. Leo Mama Sindano ndiye wa kuamua kama dawa ya adhuhuri itakuwa mikononi mwa mtoto.

Binti alinawa, akavuta dawa, akainua blauzi.

"Fundi huyo," bibi alisema. "Mimi huchoma kwa kubahatisha, leo hapa, kesho kule."

"Ndiyo maana nakufukuza."

Kabla sindano haijagusa ngozi, Mama Sindano alipapasa kando ya kitovu. Vidole vikakuta uvimbe, mgumu kama kokwa.

"Unachoma hapa kila siku?"

"Hapaumi."

Maneno ya Profesa hayo, mvulana mwenye kisukari aliyeitwa hivyo kwa utani. Mama Sindano mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujichoma, na ili kumtuliza alimwambia achague pasipouma. Mtoto msikivu, alijichoma pale pale karibu mwaka mzima, nyama ikawa ngumu, dawa ikawa haipiti. Walimzika na sare yake. Tangu hapo, katika kila tumbo analolipapasa humtafuta Profesa kwanza.

Kukataa kungekuwa rahisi. Alimpigia daktari simu, wakapunguza kipimo, maana nyama isiyo na uvimbe ingeinywa dawa yote na sukari ingeshuka mno. Kisha akauzungushia uvimbe kalamu.

"Hapa usiguse tena. Bibi na kubahatisha kwake amekushinda."

Binti akachoma pembeni, akakunja uso. "Panauma."

"Najua. Adhuhuri, kushoto. Pima sukari kwanza. Ukitetemeka, imeshuka; kula pipi."

"Nimesikia."

Binti alikunywa chai, akabeba dawa yake, akatoka. Mama Sindano alisikiliza viatu vikishuka ngazi, na nyuma yake, vyepesi zaidi, vingine, kama vya Profesa.

"Wewe huendi kazini?" bibi aliuliza.

"Nitangoja saa saba ya dawa yake ipite."