Mwalimu Falonne na Kilima Kinachokataa Miti

Mvua ya usiku imeacha matope mekundu mpaka kwenye ngazi za darasa. Ni saa moja na nusu asubuhi. Falonne Kabemba anakung'uta viatu mlangoni, anaingia taratibu, anaweka juu ya meza chupa ya maji yenye ua moja la zambarau. Hawaelezi wanafunzi kitu. Anageukia ubao na kuanza kuufuta.

Wanafunzi wanalitazama ua. Nje malori ya madini yanapita, vioo vya madirisha vinatetemeka, na maji ndani ya chupa yanatetemeka pia.

"Hii inakula nini?" anauliza bila kugeuka.

"Mayi," anajibu mmoja.

"Na kisha?"

"Bulongo." Ndivyo udongo unavyoitwa Kolwezi.

"Bulongo ya namna gani?"

Anaweka kifutio chini, anawageukia.

"Bulongo ya shaba," anasema Falonne. "Ile inaua mahindi, inaua muhogo, hata muti haiwezi kusimama. Lakini hii inakunywa shaba, kisha inachanua. Inafanya namna gani?"

Msichana wa benchi la nyuma anainua mkono. "Madame, wewe mwenyewe haujue?"

"Mi mwenyewe sijue," anasema. "Njo maana nataka kwenda."

Falonne ana miaka thelathini na mitatu. Anafundisha biolojia na kemia katika shule ya sekondari pembezoni mwa Kolwezi, kwa mshahara wa kama dola mia moja na themanini kwa mwezi, ukifika. Mwaka huu chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji kimemkubali kwa masomo ya juu kabisa ya miaka minne, yale ambayo mtu akiyamaliza huitwa daktari. Chuo kitamlipia ada na, baada ya miezi mitatu ya kwanza, kitampa posho. Ndege, viza na hiyo miezi mitatu ni juu yake mwenyewe. Jumla yake ni dola elfu tatu.

Hana. Kaka yake Modeste, anayeishi naye na kuendesha pikipiki ya abiria, hana. Kwa hiyo mtaa mzima umekuwa ukimchangia, na mchango huo ndio uliokaribia kumvunja moyo.

Lakini kwanza, kilima.

Falonne alizaliwa Kasaji, kwenye njia ya reli. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimpandisha treni kwenda Kolwezi, kwa mjomba. Treni ilikwenda polepole, ikisimama hata pasipo na stesheni. Mtoto alilala, akaamka, akalala tena. Katika kuamka kumoja aliona dirishani kilima kisicho na mti hata mmoja. Msitu ulifika kwenye miguu yake ukakoma. Na kilima chote, toka chini mpaka juu, kilikuwa cha zambarau, kinapumua kwa upepo.

"Nikamuuliza mama, juu ya nini kule hakuna miti," anasimulia. "Mama hakufungua hata macho. Akasema, ile kilima inakataa miti. Nikalala tena."

Walipofika Kolwezi alikitafuta kilima hicho kwa macho, hakukiona. Watu wazima walimwambia alikuwa ameota. Akakubali. Kwa miaka mingi alikuwa nacho kama mtu anavyokuwa na ndoto nzuri: alikirudia akiwa na homa, alikirudia siku mama yake alipozikwa.

Alikuwa tayari mwalimu alipokwenda na wanafunzi kukusanya majani kwa somo, wakapita nyuma ya machimbo ya zamani, akakikuta. Nusu yake ilikuwa imechimbwa na kuondoka. Nusu nyingine ilikuwa inachanua.

"Nilikaa chini," anasema. "Batoto bakafikiri madame amegonjwa. Nilikuwa nawaza tu, kumbe sikuota."

Wazee waliofua shaba zamani walilijua ua hilo. Palipoota, walichimba. Falonne anawaza kinyume chao. Kama ua linaweza kuivuta shaba na kuishi, anasema, pengine linaweza kupandwa mahali ambapo shaba haitakiwi, kwenye bustani za akina mama zilizo chini ya machimbo, likainyonya kidogo kidogo mpaka mboga zipone. Pengine. Neno hilo analitumia mara nyingi.

Barua ya chuo ilipofika, aliipeleka kwa Tata, yaani Baba, Baudouin, karani mstaafu wa reli anayesoma matangazo katika kanisa dogo la mtaa. Jumapili hiyo Tata Baudouin alivaa miwani, akanyanyua barua juu, akatangaza: "Bandugu, mutoto wetu Falonne anaenda Ulaya kusomea dokta. Tumusaidie."

Beseni la kijani likawekwa mbele ya altare. Watu walisimama kwa mstari, kwaya ikiimba. Walitoa wachuuzi, walitoa wachimbaji wadogo waliokuja moja kwa moja kutoka shimoni na vumbi kwenye nyusi. Kufikia Jumapili ya tano zilibaki dola mia mbili tu kutimia.

Siku moja ya wiki hiyo Falonne alikwenda sokoni kununua lengalenga, mchicha wa huko, kwa Mama Ntumba, mjane anayelima mboga kando ya mto. Mama Ntumba alikataa kupokea hela. Badala yake alipandisha kitenge mpaka gotini, akanyoosha mguu wake wa kushoto, uliovimba kama mkungu wa ndizi.

"Angalia muzuri," alisema. "Ukirudi, utaanza na hii."

Falonne alicheka, akidhani ni mzaha. Mama Ntumba hakucheka. Muuza samaki wa jirani akainua mtoto mwenye upele kichwani: "Na huyu, dokta. Usitusahau." Kijana mmoja mchimbaji akapita akikohoa, akajipiga kifua: "Mi nitakuwa wa tatu. Uniandike."

Huko Kolwezi dokta ni munganga, mtu wa koti jeupe na sindano. Hakuna mwingine. Beseni la kijani lilikuwa limejaa miguu, macho, vifua na matumbo ya watu.

Alirudi nyumbani bila lengalenga. Modeste alimsikiliza huku akifuta mnyororo wa pikipiki.

"Nani amewadanganya?" aliuliza. "Si wewe. Wamejisemea bo benyewe. Wewe enda. Ukirudi utabaelezea."

"Yaya," alimwita kaka yake, "nikirudi Mama Ntumba ataniletea mguu. Nitamwambia nini?"

"Miaka mine ni mingi. Pengine atakuwa amepona."

"Pengine atakuwa amekufa akiningojea," alisema Falonne.

Modeste aliacha kufuta mnyororo.

Jumapili ya sita aliomba asimame mbele. "Bamama na batata," aliwaambia, "mi sitakuwa munganga. Sitachoma mutu sindano. Kule naenda kusoma majani na bulongo. Kama mulinipa feza juu ya magonjwa yenu, munipatie nafasi ya kuwarudishia."

Tata Baudouin alisimama kwa haraka. "Ngoja. Barua nilisoma mi. Imeandikwa docteur, na miwani yangu iko mupya."

"Ni kweli, tata. Ni docteur. Lakini si ule."

"Kuko ba docteur wangapi, basi?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Majani nayo inagonjwa mpaka iende kutafutiwa dokta Ulaya?" Kicheko hicho kilikuwa kirefu zaidi, na hakikuwa kizuri.

Baada ya misa waliotaka chao walijipanga tena mbele ya beseni, safari hii bila kwaya. Hawakuwa wengi, ila wa kwanza alikuwa Mama Ntumba. Alipokea, akafunga hela kwenye pindo la kitenge, akatoka akichechemea bila kusema kwaheri.

"Ile feza haikuniuma," anasema Falonne. "Kilichoniuma ni kumuona mugongo."

Beseni lilipungua kwa zaidi ya dola mia nne. Wiki hiyo alifundisha, anasema, kama mtu aliye chini ya maji. Alianza kutunga barua ya kukiomba chuo kimsubiri mwaka mmoja, akijua vyuo havisubiri.

Ijumaa, katikati ya somo, kitenge cha Mama Ntumba kilionekana dirishani. Mkononi alishika lengalenga iliyong'olewa na mizizi yake, imedumaa, majani ya njano.

"Weye dokta ya bulongo," alisema kwa sauti ya kuchokoza, darasa zima likisikia. "Hii iko na nini?"

Walikwenda wote bustanini, wanafunzi nyuma. Sehemu ya juu mboga zilikuwa zimestawi. Sehemu ya chini, mahali ambapo mto hufurika wakati wa mvua, zilikuwa fupi na za njano. Misimu miwili sasa, alisema Mama Ntumba. Ameweka samadi, ameweka majivu, ameomba hata rozari.

Falonne alichuchumaa, akasugua udongo kati ya vidole. Mama Ntumba alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Basi? Ni dawa gani?"

"Sijue bado, mama. Nadhani ni mayi ya machimbo. Lakini kusema nadhani si kujua."

"Ule wa opitali, mambo ya mguu, hajasemaka hata siku moja kwamba hajue," alisema Mama Ntumba. "Kila mara anajua, kila mara nalipa."

Ndipo Falonne alipoona, kwenye rundo la magugu yaliyong'olewa, kitu cha zambarau. Akakiokota. Kilikuwa kimenyauka lakini rangi ilikuwa ileile.

"Mama, hii ulitoa wapi?"

"Ile? Si hapa chini. Inaota kila mwaka. Nang'oa, inarudia. Kichwa ngumu."

Kilima kilikuwa kimeshuka. Mbegu zake zilikuja na maji ya mvua pamoja na shaba yake, zikajipanda zenyewe mahali hasa ambapo mwalimu alikuwa akiota kuzipanda. Falonne alilia, na wanafunzi kwa mara ya pili wakafikiri madame ameugua.

Mama Ntumba hakurudisha mchango. Hakuwa nao tena; alikuwa amenunua dawa ya kuchua mguu. Alichofanya ni kuacha kona ile ya chini bila kuing'oa. Kwa mwanamke anayekula na kulipa pango kwa matuta kumi, kona si kitu kidogo. Wenzake humchokoza wanapopita na ndoo: "Ntumba, siku hizi unalima maua? Jioni utabapikia batoto bouquet?" Yeye huwajibu kwamba bustani hiyo sasa ina mgonjwa aliyelazwa, wapunguze kelele.

Maneno hayo yamefika kanisani yenyewe. Tata Baudouin amerekebisha tangazo lake. Sasa husema "dokta ya bulongo, si ya sindano," na hulirudia mara mbili, kama mtu anayetangaza mabadiliko ya saa ya treni. Beseni limerudi mbele ya altare. Muuza samaki amerudisha cha kwake. Yule kijana anayekohoa hakuwahi kukichukua.

Hela bado hazijatimia. Tiketi imelipwa, viza imeombwa. Pungufu ni karibu dola mia tano za hiyo miezi mitatu. Falonne ataondoka Septemba hata zisipotimia. Modeste ameanza kubeba abiria mpaka Mutshatsha, safari ndefu yenye nauli nzuri, na hasemi tena kwamba miaka minne ni mingi.

Mpango wa Falonne ni kurudi. Hausemi kwa kiapo, anausema kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu. Anaona, akifumba macho, bustani zote za mto zikiwa na mstari mmoja wa zambarau upande wa maji, na nyuma ya mstari huo mboga za kijani zinazoweza kuliwa bila woga. Wakati mwingine, anasema, anaziona kupitia dirisha la treni.

Alasiri moja anapita bustanini kuhesabu vichipukizi. Mama Ntumba amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mguu umenyooshwa juani. Anaelekeza jembe kwenye ile kona.

"Ukirudi, utaanza na hii," anasema.

Kisha anafunika goti kwa kitenge.

"Mguu utangojea."