Sekunde Kumi na Moja Alizozikata Barthélemy

Kaka yangu Barthélemy ni fundi wa friji hapa Katindo, mtaa wa Goma, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia anatengeneza filamu. Filamu gani? Yeye na mkewe Dancille wakipiga kasia ziwani kila Jumapili baada ya misa. Amefunga kamera ndogo isiyoogopa maji kwenye fimbo mbele ya mtumbwi, na wiki nzima friji za watu zinamngoja huku yeye akikata na kuunga picha za makasia. Sisi ndugu tumezitazama zote, tutafanyaje? Kuna moja ambayo kwa dakika ishirini hakitokei kitu ila Dancille akitafuna karanga.

Mwezi uliopita upepo uliwakuta mbali na ufuko, mtumbwi ukapinduka. Dancille hajui kuogelea. Barthélemy akamtoa mzima, na tangu siku hiyo Dancille amemsimulia kila mtu, sokoni na kanisani. "Kamera ilikuwa inaenda na maji, hakuiangalia hata! Alikuja kwangu mbiyo. Wavuvi njo waliiokota nyuma, tukiwa tumefika inje."

Hivyo ndivyo mumewe alivyomwambia. Mimi najua ilivyokuwa, maana nilisimama nyuma ya kaka alipokuwa akizikata picha hizo. Kamera ilianguka na boya lake dogo, ikaelea, ikaendelea kurekodi. Nikaona uso wa kaka ukija, ukizidi kuwa mkubwa, mdomo wazi: "Kamera! Kamera inaenda!" Nyuma yake mkono wa Dancille ulikuwa unapiga maji, ukazama, ukatokea tena. Kiganja cha kaka kikafunika kioo. Ndipo alipogeuka kumfuata mkewe. Sekunde kumi na moja, zimeandikwa pale chini ya skrini.

"Charline, usiseme," akaniambia.

Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Kisha nikanyamaza wiki tatu. Yeye akazikata zile sekunde, akaunga wimbi na picha ya Dancille ufukoni amefunikwa kitenge, akaweka kwaya juu yake. Mshono huuoni.

Mambo yangeishia hapo kama si mzee Ntirenganya, baba yake Dancille, mfugaji wa milima ya Masisi. Alituma habari kwamba Jumapili anakuja Goma kuitazama filamu, na kwamba anamgawia mkwe wake mtamba. Kwa watu wetu ng'ombe wa namna hiyo si zawadi ya kupokea na kusahau. Mtoaji husema mbele ya watu kwa nini anakupa, nawe husimama ukaieleza sababu hiyo kwa kinywa chako, na kuanzia hapo mmefungana hadi wajukuu.

"Yaya, ile ngombe utaipokea na mudomo gani?" nikamwuliza kaka yangu.

"Sasa niseme nini? Dancille akijua, hatakaa hapa siku mbili."

Akaokota bisibisi, akaigeukia friji ya mteja. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilitamani kumzaba kofi.

Jumapili sebule ikajaa. Filamu ikaanza, nami nikawa sioni chochote, nangoja tu pale paliposhonwa. Wimbi likaja. Kitenge kikaja. Hakuna aliyeshtukia, na mzee alijifuta macho. Akainuka na fimbo yake.

"Mutoto wangu, nilikuwa na ngombe makumi ine. Vita ilikula. Nabakia na ine. Moja njo yako, sababu ulimuangalia mutoto wangu mbele ya byote."

Akakaa. Sasa ilikuwa zamu ya Barthélemy. Dancille alimtazama huku akitabasamu, na tabasamu lile lilinichoma. Kaka akasimama. Nitasema ukweli: niliomba kimoyomoyo aseme uongo, amshukuru mzee, tule, yaishe.

Akachuchumaa mbele ya kompyuta, akatafuta kile kipande alichokikata, akabonyeza.

"Kamera! Kamera inaenda!"

Uso ule mkubwa. Mkono ule nyuma yake. Kiganja. Hakuna aliyejongea mpaka ikaisha.

"Papa, ile ngombe siwezi kuikamata," alisema Barthélemy, bado amechuchumaa. "Nilifuata kamera kwanza. Dancille nilimufuata wa pili. Na nilimudanganya."

Mzee aliinamia fimbo yake. Dancille hakulia wala hakupiga kelele. Alimwangalia mumewe, na nilidhani atanyanyuka atoke.

"Umesema mbele ya papa yangu," alimwambia. "Haikuwa mwepesi, minaona. Tutaongea sisi wawili."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimekaa kando ya Dancille, nimemshika mkono tangu filamu ilipoanza, nikijiona wifi mwema. Wiki tatu tumechambua maharage pamoja uani, yeye akisimulia jinsi mumewe alivyomkimbilia, mimi nikiitikia na kucheka.

Akanigeukia.

"Na weye, Charline? Siku zote nilikuwa nakusimulia, ulikuwa unajua?"

Mimi ambaye nyumba nzima wananiogopa kwa mdomo, niliitazama mikono yetu. Dancille akautoa mkono wake ndani ya wangu.