Kichuguu cha Sebuleni

Mwenze anafyatua matofali upande wa Kasapa. Udongo mzuri wa kazi hiyo hutoka kwenye vichuguu, na kwa miaka ishirini na sita amevibomoa bila kumwogopa mtu, isipokuwa mkewe, Chilufya.

Mwezi wa tatu Chilufya aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi. Haukuuma. Kwa Mwenze, kisichouma si ugonjwa. Akaendelea kuchoma matofali. Mwezi wa nane ulifikia ukubwa wa limau, bado hauumi, na ukoo mzima ukausifu kuwa una adabu. Shemeji mmoja aliuchanja kwa wembe, akapaka dawa ya mizizi. Uvimbe haukujali.

Hospitalini walichukua kipande cha nyama, wakakipima. Dokta Yasmine akatamka jina: kansa.

“Nani alinitupia hii kintu?” Chilufya akauliza.

“Hakuna muntu, mama. Iko mwili yako mwenyewe.”

Akaeleza. Mwili ni chembe ndogo mno; zinazaliwa, zinafanya kazi, zinakufa, nyingine zinashika nafasi. Moja maagizo yake yameharibika. Imekataa kufa, ikazaa zilizo kaidi kama yenyewe, na zote zinakula damu ya mwili, nyumba yao. Siku moja baadhi zinahama, zinaenda kujenga kwenye mapafu, ini, mfupa.

“Kama kumbikumbi,” Mwenze akasema.

“Kama kumbikumbi, papa. Njo maana tunataka kutoa titi yote, mbele hazijasambaa.”

“Yote? Hapana! Nilinyonyesha batoto sita,” Chilufya akasema. “Mutoe ile kadonge tu.”

Mwenze alitazama viatu vyake, kisha akamwambia mkewe: “Mama Kiki, unakumbuka ile kichuguu ya kwenye kiwanja ya Chishimba?”

“Ile ulisawazisha, akajenga juu?”

“Nilikata kichwa tu. Mama ya mchwa, mwenye kuzaa yote, nilimuacha chini. Kuchimba kulinichosha.”

Masika moja baadaye kichuguu kilipasua sementi ya sebule, kikainua kiti cha Chishimba.

“Na wewe ulimwambia nini?” Chilufya akauliza.

“Nilimwambia ni balozi, bachawi bamemutupia.”

Chilufya alicheka, mara ya kwanza tangu wembe ule. Kisha akamgeukia dokta.

“Basi, mutoe yote.”

Dokta akamwomba ainue mkono. Vidole vyake vikapita kwapani, vikarudi, vikakaa palepale, juu ya uvimbe mwingine.

“Hapa unasikia maumivu, mama?”

“Hapana. Haiume.”

Safari hii hakuna aliyeusifu kuwa una adabu.