Tumbo Lisemewalo na Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi mkononi. Nilikuwa tabibu mpya, shati limenyooshwa pasi, na Daktari Mkuu wa wadi ya watoto huko Msambweni alinikabidhi mtoto wa miaka mitatu mwenye maumivu ya tumbo. Nikauweka mkono moja kwa moja pale mtoto alipoonyesha. Alipiga ukelele, akakaza tumbo likawa kama ubao. Daktari Mkuu akauondoa mkono wangu kwa kofi.

“Unapima tumbo au unakanda unga wa mahamri?” aliuliza. “Mkono wa baridi, na umeanzia mwisho. Mrudishe kwa mamake.”

Alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akapiga magoti, akampima mtoto akiwa amepakatwa na mamake, akianzia upande usiouma. Macho yake yalikuwa usoni mwa mtoto muda wote. Mtoto akikunja uso kabla ya kulia, hapo ndipo penye jambo.

Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya upasuaji vilivyotupwa stoo, nikiandika daftarini kwa kufuata umri. Mtoto wa miaka minne, ukimwuliza panapouma, hugusa kitovu hata kama ugonjwa uko kifuani. Kwa hiyo hesabu pumzi zake kwanza, maana nimonia ya chini ya pafu huuma tumboni. Wa miaka kumi mwambie aruke kwa mguu mmoja. Akishindwa, fikiria kidole tumbo, kile kipande chembamba cha utumbo kinachovimba chini upande wa kulia. Aliyebaleghe mwone bila wazee wake. Mvulana huona haya kusema kwamba maumivu yako kwenye korodani, na korodani iliyojisokota haingoji kesho. Msichana hatakwambia mara ya mwisho aliziona siku zake lini, shangazi yake akiwa ameketi pale.

Mtoto mchanga hana kauli. “Tumbo lake husemewa na mama,” Daktari Mkuu alikuwa akisema. “Ukimtisha mama, umelifunga tumbo mdomo.” Niliyaandika maneno hayo daftarini. Kuyaandika si kuyashika.

Baada ya miaka ishirini na ushei Samburu, ambako nilishona majeraha ya ajali za barabara kuu zaidi kuliko nilivyopima matumbo, nilipelekwa kusimamia zahanati ndogo upande wa Kikoneni. Huko, mtoto akililia tumbo hupewa kwanza dawa ya chango, mizizi iliyochemshwa. Mtoto mmoja aliletwa kwangu amelegea baada ya kunyweshwa nyingi mno, na tangu hapo nikaipiga vita. Nilimwuliza kila mama, mlango wazi, foleni ikisikia: “Umempa chango?” Aliyekubali nilimsuta mpaka machozi.

Siku moja nilimsikia mwanamke nje ya dirisha akimwambia mwenzake, “Chupa ya chango iache kwa muuza mihogo, shoga. Humo ndani hamna daktari, muna askari.” Wakacheka. Nami nilicheka, tena kwa fahari.

Mwezi huohuo alikuja mama Rama, binti wa miaka ishirini hivi, na mwanawe wa kwanza, wa miezi saba.

“Analia sana, daktari, anakunja miguu. Kisha ananyamaza kama hana kitu.”

Wakati ule Rama alikuwa amenyamaza, mweupe kidogo midomoni. Tumbo lilikuwa laini.

“Umempa chango?”

“Sikumpa.”

“Choo je?”

“Hajapata tangu jana.” Alijibu akitazama sakafu.

Nilimpa dawa ya gesi, nikaita mwingine. Kilio kile cha kuja na kukoma kilipaswa kunishtua. Ningemkalisha nusu saa tu, kingerudi mbele ya macho yangu.

Walirudi kesho yake asubuhi. Rama alitapika kijani, tumbo limejaa, na chini ya mbavu za kulia nilishika uvimbe kama ndizi mbichi. Utumbo ulikuwa umejimeza: kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine, kama mkono wa kanzu unapovuliwa kwa haraka. Ukiwahiwa, hurudishwa. Ukichelewa, hukosa damu na kufa.

Nilipanda nao gari la wagonjwa kwenda Msambweni. Njiani mama Rama alifungua pindo la leso, akatoa nepi iliyokunjwa. Ilikuwa na damu nzito iliyochanganyika na makamasi, ile alama ya utumbo uliojimeza ambayo kila tabibu huifahamu.

“Hii ya lini?”

“Ya jana, kabla sijaja kwako.” Akaikunja tena nepi. “Nilimpa chango alfajiri. Nilipoona damu, nikajua dawa imemkata utumbo. Nikaogopa utanisema mbele za watu.”

Mtoto alipasuliwa siku ileile. Utumbo mwingi ulikuwa umeshakufa, na siku ya pili Rama akafariki. Nilimweleza mamake kwamba chango haikumkata mwanawe, na kwamba kosa la siku ile ya kwanza lilikuwa langu. “Ahsante, daktari,” alisema kwa adabu, kama mtu anayempokelea mgeni mkoba wake. Sikuona kwamba ameamini.

Kuanzia hapo nilifunga mlango kila mama alipoingia, na swali nikalibadilisha. “Nasi kwetu tulinyweshwa chango. Nyinyi mmempa ipi?” Wakaanza kuniletea chupa wenyewe, na nepi pia. Watoto kadhaa niliwawahi kwa sababu hiyo. Nawaambia vijana wanaoingia kazini leo, wenye mashine za kutazama ndani ya tumbo, kwamba mashine haiulizi jana kulitokea nini.

Mwaka jana nilistaafu. Majuzi nilikutana na mama Rama sokoni Kikoneni, amembeba mgongoni binti yake mdogo, mnene, amelala.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Mashaallah, amenawiri.”

Aliirekebisha leso, akatazama chini.

“Huyu sikumpa chango, daktari. Hata tone.”

Sikuwa nimemwuliza.